Mama, Kile Kitu cha Jua Hatukukiona

Mama yangu, mtunza kadi wa Kabazi,

Nakuandikia kusahihisha jambo moja. Mwaka jana, muda mfupi kabla hujatuacha, nilikuja nyumbani kutoka Nakuru nikakukuta umeketi jikoni na blanketi mabegani. Nikakuambia kwamba tumekiona kile kitu cha jua. Hatukukiona. Ulienda na neno hilo, na tangu niujue ukweli sijapata raha. Ungekuwa na namba ya simu huko uliko ningekupigia. Barua hii naiacha wazi kwa sababu uongo wenyewe ulitangazwa mbele ya watu, tena kwa kipaza sauti, siku ya mazishi yako.

Wasiokujua wataniuliza kadi ni kadi gani, kwa hiyo acha nieleze kidogo, hata kama wewe hupendi hadithi ndefu.

Kati ya banda la ng'ombe na shamba la viazi kulikuwa na nguzo ya saruji, na juu yake gololi ya kioo, ukubwa wa chungwa kubwa, imekaa ndani ya bakuli la chuma lililokatwa nusu. Iliachwa na mzungu aliyekuwa na shamba lile kabla halijagawanywa. Babu alikuwa akimtunzia, na mzungu alipoondoka babu akaendelea, babu alipozeeka ukachukua wewe. Nyuma ya gololi huingizwa kadi nyembamba yenye alama za saa. Jua likiwaka, kioo hukusanya miale na kuichoma kadi, na jua linavyotembea ndivyo alama ya kuungua inavyotembea. Wingu likipita, mstari unakatika. Jioni unatoa kadi, unaandika tarehe nyuma yake, unaweka nyingine ya kesho. Kila mwisho wa mwezi ulizifunga kwenye bahasha zikaenda ofisini mjini pamoja na vipimo vya mvua.

Baadaye ofisi ilileta mashine inayojipima yenyewe, wakakuambia upumzike. Ulisema asante. Kisha ukaanza kukata kadi zako mwenyewe kutoka kwenye maboksi ya majani ya chai, ukachora saa kwa rula, na badala ya bahasha ukazipanga kwenye mkebe wa biskuti. Kaka yangu Kamau alikuuliza zinaenda wapi. Ukamwambia haziendi popote, ni jua ndilo linakuja.

Nilikuwa darasa la sita ulipokwenda Gilgil kumsaidia dada yako aliyejifungua. Uliniachia gololi siku tatu. Siku ya pili nilisahau kuweka kadi. Sikukumbuka hadi jioni, nikakuta bakuli liko tupu, nikaogopa siku utakayorudi. Siku ya tatu ilipambazuka na jua kali, nikachukua kadi ya ziada, nikaichoma asubuhi yote, nikaiandika tarehe ya jana. Alasiri nikaweka ya siku yenyewe, nikajiona mjanja kweli.

Uliporudi hukukaa hata kunywa chai. Uliweka kadi tatu mezani, ukafungua daftari la mvua karibu nazo. Siku ile ya pili, saa tatu asubuhi, mimi mwenyewe nilikuwa nimesoma kipimo cha mvua na kuandika kwa mwandiko wangu mzuri kwamba mvua inanyesha na mbingu zimefunga kabisa. Na kadi ya siku hiyo hiyo inaonyesha jua tangu saa moja. Mwongo huhitaji kumbukumbu, na mimi ushahidi niliuandika kwa mkono wangu.

Nilingoja kofi. Uliuliza tu kama niliweka kadi siku hiyo. Nikasema hapana. Ukasema maneno ambayo nimeyabeba hadi leo:

"Kadi ambayo haijaungua inasema jua haikutoka. Kadi ambayo haiko inasema hatujui. Usiniwekee moja mahali pa ingine."

Ukanifanya nipige mstari mmoja juu ya ile tarehe ya uongo na kuandika pembeni: hakuna kadi. Nilitaka kufuta kwa ufutio, ukanishika mkono. Ulisema mtu akisoma aone nilipotea wapi na nilirudi wapi. Ndipo uliponifundisha ile sheria yako ya penseli, kwamba kitu chochote kinachoingia daftarini kinaingia kwa penseli kwanza. Jioni, ukishalinganisha na kadi na kipimo cha mvua, ndipo unakipitia kwa wino. Kuna siku ulikaa na penseli wiki nzima kwa sababu mvua ya kwako ilikataa kulingana na mawingu ya kwenye kadi. Majirani walikuona umezidi. Mimi pia.

Basi unanizaa, unanifundisha hayo, halafu nakwenda kusomea kutafuta kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Unakumbuka siku nilipokueleza? Tulikuwa tukichambua maharagwe. Nikakuambia wataalamu wanadhani ndani kabisa ya jua kunazaliwa vitu vidogo mno vinavyoitwa aksioni, vinatoka kule kwa wingi, vinapita katikati ya milima na watu bila kugusa chochote, kama mwizi anayepita kwenye ua wa michongoma na shati lisichanike. Ukauliza vina uzito. Nikasema kidogo sana, kama vipo.

"Kama viko?" Uliacha maharagwe. "Umesoma miaka yote hii uende kutafuta kitu hujui kama iko?"

Nikakujibu kwa methali, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ukasema methali hiyo ilitungwa na mtu asiyepima mvua. Halafu ukarudi kwenye maharagwe, ukauliza swali la maana: mtu atakionaje kitu kisichogusa chochote?

Nilikuambia kuhusu sumaku. Iko Ulaya, ndefu kama yale malori yanayolala Salgaa, imepozwa hadi baridi ambayo hata Molo alfajiri haijawahi kuota. Aksioni ikipita ndani ya sumaku yenye nguvu namna hiyo, huenda ikageuka kuwa eksirei, kama ile waliyokupigia kifua, na eksirei tunaweza kuihesabu. Kwa hiyo sumaku nzima imewekwa juu ya reli na inageuzwa polepole ilitazame jua, asubuhi linapochomoza na jioni linapotua, kama saa moja na nusu kila mara, kwa sababu ni nzito na haiwezi kuinuka sana. Usiku hupitishwa njia ile ile kwa saa nyingi, ikihesabu bila jua, na katikati ya zamu huegeshwa karibu na ukuta wa konkriti. Kisha tunalinganisha. Ikiwa wakati wa kulitazama jua eksirei ni nyingi kuliko wakati wa kutolitazama, kuna kitu.

Ulifurahi. Ukasema kumbe ni gololi tu, ila yenu ni ya gharama. Niliwaeleza wenzangu hilo wakacheka, lakini ndilo elezo fupi kuliko yote niliyowahi kusikia.

Niliishi huko miaka mitatu nikisoma, nikarudi kufundisha hapa, na nikaendelea kufanya kazi nao kwa njia ya mtandao. Hesabu zao zinakuja kwenye kompyuta yangu Nakuru, na kazi yangu ni kuzipanga katika mafungu mawili, la jua na lisilo la jua. Kazi ya kuchambua maharagwe, kwa kweli.

Mwaka jana fungu la jua likaanza kuzidi. Si kwa wingi, lakini kila nilivyoongeza miezi lilizidi kuonekana. Nilihesabu upya hadi macho yakauma. Mkuu wa kikundi chetu akaniomba niandae maelezo kwa wenzetu wote, akasema tuwe waangalifu, lakini sauti yake haikuwa ya mtu mwangalifu. Nami nilikuwa nimeshaona mbele, watu wakisema aliyekiona alikuwa ni binti wa Kabazi. Nikapanda gari nikaja kwako.

Wakati huo kifua kilikuwa kimekuchosha na mjomba alishaniambia nisikawie kuja. Nilitaka uondoke na kitu. Nasema wazi, nilitaka ujue kwamba miaka yote ile ya kukuacha na ng'ombe na gololi haikuwa bure. Nikakuambia tumekiona. Ulinitazama, ukavuta blanketi, ukauliza:

"Na ile saa jua haiko, mnaona ngapi?"

Hilo ndilo swali, mama. Kwenye maabara yenye madaktari wa fizikia wengi, hakuna aliyeliuliza moja kwa moja namna hiyo. Kila mahali kuna eksirei chache zinazorandaranda, kutoka kwenye mawe, ukuta, hata hewa. Jibu la kweli lilikuwa kwamba tunaona kiasi fulani, kinapanda na kushuka kutegemea sumaku imeelekea wapi, na bado hatujaelewa vizuri kwa nini. Lakini wewe ulikuwa umechoka, na mimi nilikuwa na habari njema. Nikakujibu, "Hakuna, mama. Tupu kabisa."

Ukasema, "Haya." Ukaomba maji.

Sasa ndiyo hiyo. Nikiwa darasa la sita nilikuchomea kadi ya uongo kwa sababu ya woga. Nikiwa mtu mzima nikakuchomea nyingine kwa sababu ya upendo, na sioni kama hiyo ya pili ni nafuu.

Kuna jambo jingine lililoniuma, na nitalisema. Hukumwambia mtu. Ng'ombe wako alipozaa pacha, Subukia nzima ilijua kabla ya saa nne. Kamau alipopata kazi ulisimama kanisani ukatoa shukrani ndefu hadi mchungaji akakohoa. Lakini binti yako alipokuletea habari kwamba huenda ameona kitu ambacho dunia inakitafuta, ulinyamaza kimya. Jirani yetu Mzee Rotich, uliyekuwa ukipiga naye gumzo kila jioni kwenye ua, hakusikia neno. Nilidhani hukuelewa, au hukujali. Kamau ndiye niliyemwambia baadaye, na Kamau ndiye aliyempa mchungaji, na mchungaji akalitangaza juu ya jeneza lako kwamba Mungu alimjalia mama huyu kumwona mwanawe akifungua siri ya jua. Watu wakapiga makofi. Mimi nililia, lakini baadhi ya machozi yale yalikuwa ya kujisikia mtu.

Wiki moja baada ya mazishi, mimi na Kamau tulikuwa tukipanga vitu vyako. Tukafungua mkebe wa kadi, tukazipanga mezani kwa miezi, Januari hadi Desemba, bila sababu yoyote, kwa kuwa kuzitupa kulitushinda. Meza ikajaa. Kamau, ambaye maisha yake yote aliiona gololi ile kama wazimu wa familia, akapitisha kidole juu ya mistari ile ya kuungua. Yote ilianzia karibu mahali pamoja. Januari, Aprili, Julai, ukiondoa siku za ukungu, jua lilianza kuchoma saa ile ile.

"Kumbe jua ya huku haijui kuchelewa," akasema.

Nikakumbuka Jumapili moja nilipokuwa mwanafunzi huko ng'ambo. Ulikuwa ukinipigia kila Jumapili ukitoka kanisani, saa ile ile, nami nakuwa nimeketi nasubiri. Jumapili hiyo nilisubiri saa nzima simu haikulia, nikaingiwa na wasiwasi. Ulipopiga hatimaye nikakuuliza mbona umechelewa, ukasema hujachelewa, umepiga saa ile ya kila siku. Ndipo nikagundua kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo nchi nzima ya huko ilikuwa imesogeza saa mbele kwa saa moja, kama wafanyavyo kila mwaka majira ya joto yakikaribia, na kuirudisha baridi ikija. Ulicheka hadi ukakohoa. Ukauliza kama hao watu huwa pia wanamwambia jogoo.

Nilisimama pale mezani, Kamau bado ameshika kadi ya Julai.

Mama, mashine inayohesabu eksirei ni ya zamani na huandika muda kwa saa ya ukutani ya huko, lakini safari za sumaku huandikwa kwa saa nyingine isiyosogezwa kamwe. Mimi, nilipoandika maagizo ya kupanga mafungu, niliigeuza iwe saa yetu ya Kenya kwa kuongeza saa mbili. Saa mbili, mwaka mzima. Kwa sababu nimezaliwa mahali ambapo hakuna mtu anayegusa saa ukutani isipokuwa betri imekwisha. Majira ya baridi tofauti ni saa mbili kweli. Majira ya joto ni saa moja. Kwa hiyo miezi yote ya joto, fungu langu la jua lilikuwa limehama. Lilikuwa limebeba saa nzima ya kabla sumaku haijaanza kulifuata jua, ikiwa bado imeegeshwa karibu na ule ukuta wa konkriti. Na konkriti, kama nilivyokwisha sema, ina eksirei zake.

Nilikuwa nimehesabu ukuta nikidhani nahesabu jua.

Nilifungua kompyuta pale pale juu ya kadi zako. Kurekebisha hakukuchukua hata muda wa chai kuchemka. Fungu la jua likashuka, likalala sawa na lile jingine. Kamau akaniuliza kuna nini. Nikamwambia, akatoka nje akaenda kukama.

Asubuhi iliyofuata nilimpigia mkuu wa kikundi, siku nne kabla ya maelezo yangu mbele ya wote. Hakunifokea. Alishusha pumzi kwa muda mrefu, akasema afadhali kosa lionwe na aliyelifanya. Tukapitia upya miezi yote pamoja. Ripoti imetoka sasa, na inasema kwamba tumetafuta, na kama aksioni zipo basi zinagusa mwanga kwa udhaifu zaidi ya kiasi fulani, kwa kuwa zingegusa kwa nguvu kuliko hapo tungeziona. Kwa lugha yako, kadi iliwekwa na haikuungua. Si sawa na kusema hatujui. Wanaojenga sumaku kubwa zaidi wataanzia hapo tulipoishia.

Nimewaambia na watu. Jumapili iliyopita niliomba dakika mbili kanisani, nikasema lile lililotangazwa siku ya mazishi halikuwa kweli, na kosa lilikuwa langu. Hakuna aliyepiga makofi. Nje ya kanisa Mzee Rotich alinishika mkono akauliza kama nitafukuzwa kazi. Nikasema hapana. Akauliza kama tutaendelea kutafuta. Nikasema ndiyo. Akasema basi mambo ni yale yale, na akanipa mahindi ya kuchoma ya mjukuu wake, ambaye hakufurahia.

Uliyebaki ni wewe.

Leo nimekuja nyumbani kufunga daftari lako la mvua vizuri, kwa sababu siku zako za mwisho hakuna aliyeliandika. Nimefungua kurasa za mwisho. Zile siku ulizokuwa hospitali na zote zilizofuata nimeandika kila mstari, kama ulivyonifunza: hakuna kadi, hakuna kadi. Mkono ulichoka. Kisha nikarudi nyuma kuangalia kama umeacha siku nyingine, nikafika kwenye siku niliyokuja na habari yangu. Mvua, hakuna. Jua, jumla saa saba. Yote umeyapitia kwa wino. Halafu kwenye safu ya maelezo, ambako huwa unaandika mvua ya mawe au nzige, kuna mwandiko wako, umelegea kidogo:

"Njoki amesema wameiona. Tungoje kadi zote."

Kwa penseli.

Niliketi sakafuni, mama. Mwaka mzima nimedhani nilikudanganya, na mwaka mzima nimekulaumu kwamba hukunitangaza. Kumbe ulinisikia vizuri sana. Uliliandika neno langu mahali pa heshima, pamoja na mvua na jua, ukalitendea kama unavyotendea kila kitu unachokijali. Hukunitangaza kwa sababu nilikuwa bado kwenye penseli.

Nimechukua kalamu ya wino. Sikufuta. Nimepiga mstari mmoja juu ya maneno yako, yasomeke, na chini yake nimeandika: "Kadi zote zimefika. Tumepima. Hatukuona." Nimetia sahihi pale unapotia wewe.

Pumzika, mama. Gololi nimeipangusa utando wa buibui, na kadi ya leo nimeiweka mwenyewe asubuhi na mapema. Kumefunga mawingu tangu Subukia, na mpaka sasa haijaungua hata kidogo. Lakini ipo.

Ni mimi, kitinda mimba wako,
Njoki